Mshipa wa mguuni unatolewa na nani?

Mgonjwa wa baipasi, upasuaji wa kuunganisha njia mpya ya damu inayovuka ateri ya moyo iliyoziba, akirudi nyumbani, wageni humuuliza kifua, naye huwaonyesha mguu. Kifua kimefungwa kwa nyaya za chuma na mfupa unaunga taratibu. Kinachomsumbua ni mkato uliotumika kutoa mshipa wa kutengenezea njia hiyo, ulioanzia kifundoni ukapanda hadi karibu na kinena: uvimbe unaokuja jioni, ganzi upande wa ndani wa mguu, na kwa mwenye kisukari, sehemu moja chini ya goti inayotoa maji na kukataa kufunga. Kidonda hicho ndicho kilichozaa upasuaji wa matundu madogo wa kuvuna mshipa, na mpaka leo ndicho kinachotumiwa kuuza vifaa vyake. Picha mbili huwekwa pamoja, mguu wenye kovu la sentimita 60 na mguu wenye alama mbili ndogo, na mjadala unaishia hapo.

Mjadala huo unaanza mahali pasipo penyewe. Kovu ni la mguuni, ila mshipa unakwenda kuishi kwenye moyo, na kama utabaki wazi kwa miaka kunategemea sana mikono iliyoutoa. Kabla ya kuuliza kifaa gani kimetumika, ulizeni nani alikishika na amefanya mara ngapi.

Mshipa wenyewe ni vena safena kubwa, mrefu kuliko vena zote (mishipa inayorudisha damu moyoni) mwilini. Hupita mbele ya kifundo cha ndani, huzunguka nyuma kidogo ya goti, kisha hupanda paja hadi kinena ambako humwaga damu kwenye vena kubwa ya paja. Mguu unaweza kuishi bila huo kwa sababu vena zilizo ndani kwenye misuli ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya damu. René Favaloro, daktari Muargentina aliyekuwa Cleveland Clinic, alianza kuutumia kwa baipasi mwaka 1967. Tangu hapo imethibitika kwamba ateri ya ndani ya kifua hudumu zaidi: ikiunganishwa na ateri ya mbele ya moyo, zaidi ya asilimia 90 huwa bado wazi baada ya miaka 10, wakati vena za mguuni karibu nusu huwa zimeziba au kuharibika katika muda huohuo. Lakini mgonjwa mwenye ateri tatu au nne zilizoziba anahitaji njia tatu au nne, kila moja ya sentimita 15 hadi 20, na mguu ndio ghala lililo karibu.

Kazi nzuri huanza kabla ya mgonjwa kupewa dawa ya usingizi. Ultrasaundi inapitishwa mguuni na njia ya vena inachorwa kwenye ngozi kwa kalamu ya wino usiofutika. Vena yenye upana chini ya milimita 2 haifai, na iliyotanuka ikajaa mafundo haifai pia. Kwa mtu mwembamba angalia kina: vena iliyolala milimita chache tu chini ya ngozi haiachi nafasi ya handaki, na ngozi inaweza kuumizwa kutokea ndani. Jambo linalosahaulika ni idadi. Wako watu wenye vena mbili zinazokwenda sambamba pajani, moja nene na moja nyembamba, na bila alama za kalamu mtoaji anaweza kuifuata ile nyembamba mpaka karibu na kinena kabla hajatambua.

Mgonjwa akishalala, goti linakunjwa kidogo na paja linafunguliwa kwa nje, kitambaa kilichoviringishwa kikiwa chini yake. Mkato mmoja wa sentimita 2 hadi 3 unafanywa upande wa ndani wa goti. Vena inatafutwa kwa kidole na mkasi butu, kisha fimbo ya kamera yenye ncha ya koni ya plastiki angavu inaingizwa juu yake. Mlango wa kifaa una puto dogo. Mililita 15 hadi 25 za hewa hulivimbisha likaziba mkato, gesi isitoroke. Kaboni dioksidi inaingizwa kwa lita 3 hadi 5 kwa dakika, kwa shinikizo la milimita 10 hadi 12 za zebaki. Kwenye skrini handaki linafunguka mbele ya koni: mafuta ya manjano yanaachia pembeni, na katikati inabaki vena, utepe mweupe ulioloa, wenye matawi yanayotoka kama mizizi ya muhogo.

Koni hupita kwanza juu ya vena, kisha chini yake, mwisho pembeni. Hapa wanaojifunza hufanya kosa lao la kwanza, nalo ni kusukuma. Koni ikikutana na tawi, mkono husikia ukinzani mdogo, kama uzi ulionasa kwenye msumari. Mzoefu hurudi nyuma nusu sentimita, hubadili pembe na kulipita tawi kwa upande wa pili mpaka lisimame peke yake. Asiyezoea huongeza nguvu. Tawi linang'oka kwenye shina na kuacha tundu kwenye ukuta wa vena. Tundu hilo litashonwa baadaye kwa uzi mwembamba wa 7-0, lakini kila mshono hubana njia ya damu, na vena iliyoshonwa mara tano si sawa na ile isiyoguswa na sindano.

Koni ikitolewa, kinaingia kifaa cha pili: kipande chenye umbo la herufi C kinachoikumbatia vena, na pembeni yake mkasi wa umeme. Kila tawi linakatwa karibu na ukuta wa handaki, mbali na vena kadiri nafasi inavyoruhusu, ili kisiki cha milimita kadhaa kibaki. Sababu yake ni joto. Umeme unaofunga tawi haukomei pale mkasi ulipouma. Joto hutembea kwenye tishu na kulirudia shina. Kuungua huko hakuonekani kwa macho. Vena inatoka nyeupe na safi, inajazwa maji haivuji, inashonwa kwenye moyo na damu inapita. Utando wa ndani, ule wa seli za safu moja zinazozuia damu isigande, ndio umekufa kwa urefu wa milimita kadhaa, na hapo ndipo damu itakapoanza kuganda.

Mvuto nao huumiza vilevile. Kipande cha C kinapaswa kuibeba vena, kisiivute. Ukiona vena imenyooka kwenye skrini kama kamba ya kuanikia nguo, tayari mikono imezidisha.

Mwishoni, tundu dogo lisilofika sentimita 1 linafunguliwa kinenani, vena inashikwa, inavutwa nje, inafungwa na kukatwa. Kwa kawaida paja moja hutoa vena ya njia mbili. Mtu aliyekubuhu humaliza yote haya kwa takriban nusu saa. Anayeanza hupita saa nzima, na daktari aliyefungua kifua anasubiri.

Kuna hatari moja inayotokana na gesi yenyewe ambayo ilichukua miaka kueleweka. Shinikizo la milimita 12 ndani ya handaki linazidi lile la damu iliyomo ndani ya vena, kwa hiyo vena inakandamizwa na damu iliyobaki ndani inatuama. Damu iliyotuama kwenye mshipa unaosumbuliwa huganda. Vipande vidogo vya damu iliyoganda vimeonekana ndani ya vena zilizotolewa hivi, vikiwa vimeng'ang'ania kwenye vali na midomo ya matawi, na kuvisukuma kwa maji hakuvitoi vyote. Dawa yake ni rahisi: heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, kabla ya gesi kufunguliwa. Vituo vingi hutoa yuniti 5,000 kwenye mshipa wa mgonjwa na kusubiri dakika chache. Kituo kinachoanza gesi kwanza kikasubiri heparini ya mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji baadaye kinajitafutia matatizo bure.

Mtaalamu wa usingizi naye ana sehemu yake. Gesi inayofyonzwa hupandisha kaboni dioksidi kwenye pumzi, kwa hiyo anaongeza kasi ya mashine ya kupumua. Kinachotisha ni kinyume chake: kaboni dioksidi ya pumzi ikishuka ghafla pamoja na presha, huenda gesi imeingia kwenye vena iliyochanika na kufika moyoni. Hapo gesi inafungwa papo hapo, mgonjwa anapewa oksijeni tupu, kichwa kinashushwa, na mkato unabanwa. Ni tukio la nadra, lakini timu isiyoongea kupitia lile pazia la kijani hupoteza dakika ambazo hazirudi.

Vena ikishatoka bado haijasalimika. Mezani inafungwa kwenye kanula, yaani mrija mdogo, matawi yanafungwa kwa uzi au klipu, na mtu anachukua bomba la sindano kuijaza ajue inavujia wapi. Kidole gumba kikibonyeza bomba bila kipimo kinaweza kupeleka shinikizo la zaidi ya milimita 300 za zebaki kwenye mshipa uliozoea kubeba sehemu ndogo tu ya hiyo. Utando wa ndani unapasuka kama tope lililokauka. Afadhali valvu ya kupunguza shinikizo, au bomba linalobonyezwa taratibu na mtu anayejua anachokifanya. Maji ya kuhifadhia nayo yana maana: maji ya chumvi ya kawaida yana uasidi, na katika wagonjwa wa utafiti nitakaoueleza sasa hivi, vena zilizolowekwa kwenye maji yaliyosawazishwa uasidi ziliharibika kidogo kuliko zilizolowekwa kwenye chumvi au damu.

Utafiti huo ni PREVENT IV. Ulifanyika Marekani, ukasajili wagonjwa 3,014 kati ya 2002 na 2003 kwa ajili ya kupima dawa ya kulinda vena. Dawa haikufaa. Lakini mwaka 2009 takwimu zake zilichambuliwa upya kwa swali jingine: waliotolewa vena kwa kamera na waliopasuliwa mguu wazi, nani aliishia vizuri? Majibu yalichapishwa katika New England Journal of Medicine yakatikisa vyumba vya upasuaji. Kati ya miezi 12 na 18, kwa wagonjwa waliopigwa picha za mishipa, vena zilikuwa zimeharibika kwa asilimia 46.7 ya kundi la kamera dhidi ya asilimia 38 ya kundi la mkato. Katika miaka mitatu waliofariki walikuwa asilimia 7.4 dhidi ya 5.8.

Wengi walisoma hapo kwamba kamera inaua. Usomaji huo ulikuwa wa haraka. Wagonjwa hawakugawanywa kwa kura kuhusu mguu. Kila hospitali ilifanya ilivyozoea. Vifaa vilikuwa vya kizazi cha mwanzo. Na jambo ambalo lingeeleza mengi, yaani mtoaji alikuwa na uzoefu gani, halikurekodiwa. Ni sawa na kulinganisha daladala na treni kwa kuhesabu ajali bila kuuliza kama dereva ana leseni.

Mwaka 2012 ukaja uchambuzi mkubwa zaidi katika jarida la JAMA: wagonjwa 235,394 wa Marekani waliopasuliwa kati ya 2003 na 2008. Vifo katika miaka mitatu vilikuwa asilimia 13.2 kwa kamera na 13.4 kwa mkato. Tofauti ilikuwa hakuna. Bado huu nao haukuwa wa kura.

Wa kura ulikuja 2019, nao ni REGROUP, uliofanywa katika hospitali 16 za maveterani wa jeshi la Marekani kwa wagonjwa 1,150. Baada ya takriban miaka mitatu, kifo, shambulio la moyo au kuhitaji kufunguliwa tena mishipa ya moyo kuliwapata asilimia 13.9 ya kundi la kamera na 15.5 ya kundi la mkato, tofauti ndogo isiyo na uzito wa kitakwimu. Maambukizi ya kidonda cha mguu yalikuwa asilimia 1.4 dhidi ya 3.1.

Watetezi wa kamera hupeperusha namba hizo na kufunga mjadala. Wangesoma pia ukurasa wa masharti. Ili mtu aruhusiwe kutoa vena ndani ya REGROUP, ilibidi awe amekwisha kufanya zaidi ya mara 100 kwa kamera, na awe amelazimika kuacha kamera na kupasua wazi katika chini ya asilimia 5 ya wagonjwa wake. Kwa hiyo utafiti umethibitisha kwamba kamera ni salama mikononi mwa waliobobea. Kuhusu mikono mingine haukusema lolote. Una mapungufu mengine mawili: karibu wagonjwa wote walikuwa wanaume, na vena hazikupigwa picha baadaye kuona zipi zimeziba kimyakimya. La kwanza, kwa maoni yangu, linaipunja kamera, kwa sababu wanawake, wanene na wenye kisukari ndio ambao kidonda cha mguu huwatesa zaidi. La pili linaibeba.

Upande mwingine kuna shule ya Örebro, Sweden, ya daktari Domingos Souza, iliyoanza miaka ya 1990. Hiyo hutoa vena ikiwa bado imevikwa mafuta yake, bila kuikamata kwa koleo na bila kuijaza maji kwa nguvu. Matokeo yake ya muda mrefu yalikuwa mazuri kiasi cha kuifanya vena ishindane na ateri, ingawa mguu hulipa kwa vidonda vingi zaidi. Siamini kwamba Örebro na kamera ni maadui kama wanavyochorwa. Zote zinashuhudia jambo lilelile: vena ni kiungo hai, na anayeitoa anafanya nusu ya baipasi.

Sasa angalia nani hupewa nusu hiyo. Tangu zamani desturi ni kwamba mkubwa anafungua kifua na mdogo anafungua mguu. Mguu ndio darasa la kwanza la mwanafunzi wa upasuaji. Akizoea anahamishiwa juu, anakuja mwingine mpya. Kwa mkato wazi desturi hiyo ilivumilika, maana kila kitu kinaonekana na mkubwa anaweza kutupa jicho. Kwa kamera haivumiliki. Ndiyo maana Marekani kazi hii mara nyingi iko mikononi mwa wasaidizi wa daktari wenye leseni wanaoifanya kila siku kwa miaka. Kuna madaktari wanaokereka kusikia hivyo, lakini asiye daktari anayetoa vena mara nne kwa wiki atamshinda daktari anayetoa mara moja kwa mwezi.

Kwetu Afrika Mashariki hesabu hii ina makali yake. Kwa miongo mingi upasuaji wa moyo hapa ulikuwa hasa wa vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi na wa matundu ya watoto, na wa baipasi walipanda ndege kwenda India. Sasa baipasi inafanyika nyumbani, Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanza mwaka 2015, na Nairobi pia. Wauzaji wa vifaa wanajua hilo.

Chukua kituo kinachofanya baipasi mbili kwa wiki. Kwa mwaka ni kama 100, na si kila mguu unafaa kwa kamera. Wakipewa wote mtu mmoja, anafikia kiwango cha REGROUP baada ya mwaka na ziada. Wakigawanywa kwa watu wanne ili kila mtu ajifunze, hakuna anayefika kabla ya mwaka wa nne, na kufikia hapo mmoja ameshahamia hospitali nyingine. Kwa wanaoanza, wawili wanatosha: mmoja wa kutoa, mmoja wa kumrithi. Waanzie pajani tu, maana chini ya goti neva ya safena imeambatana na vena na nafasi ni finyu.

Gharama nayo isipitwe juujuu. Seti ya kutumia mara moja hugharimu mamia ya dola kwa kila mgonjwa. Kishawishi cha kuisafisha na kuitumia tena ni kikubwa, na si cha kudharauliwa kama uvivu au ubahili. Lakini mkasi wa umeme uliotengenezwa kwa mgonjwa mmoja hupoteza gamba lake la kuzuia umeme, na joto linatoka pasipotakiwa, ndani ya handaki, mahali usipopaona. Zipo seti zilizotengenezwa kusafishwa na kurudiwa. Kituo kisicho na uwezo wa hizo wala wa zile za mara moja kisione haya kutumia mikato mifupi ya sentimita 5 hivi, mitatu au minne, yenye madaraja ya ngozi katikati. Inahitaji kishikizo kirefu chenye taa na subira. Hatari yake ni kuivuta vena chini ya daraja; anayeona amekwama aongeze mkato mmoja badala ya kuvuta.

Mguu unapofungwa kuna saa chache ambazo huamua kama faida yote ya matundu madogo itabaki. Mgonjwa bado anapewa heparini nyingi kwa ajili ya mashine, na handaki tupu la sentimita 35 linajaa damu bila kuonekana nje. Damu hiyo ikamuliwe nje kabla ya mshono wa mwisho, heparini ikishazimwa kwa protamini. Bomba dogo la kunyonya liachwe pale penye shaka. Na bandeji ya kuvutika izungushwe kuanzia vidoleni hadi kinenani. Ikianzia gotini, mguu wa chini utavimba kama gogo.

Kituo kinachotaka kujua kiko wapi kinahitaji daftari moja tu mezani kwa muuguzi wa vyombo, lenye safu hizi: jina la aliyetoa vena, dakika alizotumia, heparini ilitolewa kabla ya gesi au baada, vena ilishonwa mara ngapi, na kama kamera iliachwa, iliachwa kwa sababu gani. Safu ya mwisho ijazwe siku ya 30, mgonjwa anaporudi kliniki, kwa kumvua soksi na kuutazama mguu.